Soneti ya 116 ya Shakespeare: ni penzi la kudumu, au mtu anajitetea?

#1 Mdodosi
Wakuu salaam. Naleta hoja, nichapeni kwa hoja. Kwa asiyeijua, ni shairi la mistari 14, na kwa kifupi linasema: nisikubali pingamizi kwa ndoa ya akili za kweli; penzi si penzi likibadilika, au likiinama na "remover"; ni alama isiyohama na nyota ya chombo kinachotangatanga; si "fool" wa Wakati mwenye mundu; hudumu hadi ukingo wa kiama; na kama hili ni kosa, sijawahi kuandika, wala hakuna aliyewahi kupenda.

Soneti ya 116 imegeuzwa kadi ya harusi. Kila anayeifundisha anaanza na kumaliza na "penzi la kweli halibadiliki", kisha kengele inalia. Mimi nasema shairi hili haliimbi penzi, linabishana na mtu.

Hesabuni maneno ya kukanusha: "not" mara 4, "no" mara 2, "never" mara 2, "nor" mara 1. Jumla 9 ndani ya mistari 14, na hapo sijatia "unknown". Mwenye amani na penzi lake hakani mara 9.

La pili: "wewe" halimo. Hata moja. "Mimi" inatokea mstari wa 1, inazama, inaibuka tena mistari miwili ya mwisho. Shairi la mapenzi lisilo na wa kuambiwa ni shairi la nini?

Naomba kuwasilisha.

#2 Bint Waridi
Mdodosi, umehesabu vizuri ila umesahau kutazama makanusho yamekaa wapi.

Beti ya kwanza (mistari 1–4) inasema penzi silo lipi: silo linalobadilika likikuta badiliko. Beti ya pili (5–8) inasema ndilo lipi, kwa picha mbili tu: alama ya baharini isiyohama, na nyota ya chombo kilichopotea. Beti ya tatu (9–12) inarudi kwenye "si": si mtumwa wa Wakati. Mistari miwili ya mwisho ni kiapo. Kwa hiyo "si" mbili zimeibeba "ni" moja katikati, kama mihimili na boriti. Hiyo ni fasili, na fasili huanza kwa kufagia uwanja.

Sikiliza pia pumzi. Sentensi ya kwanza inakatika katikati ya mstari wa 2, na ya pili inamwagikia mstari wa 3. Baada ya mstari wa 4 karibu kila mstari unatua mwishoni kwake. Shairi linaanza linayumba, likishaitaja nyota linatulia. Hilo ndilo penzi la kudumu, lipo kwenye mwendo kabla halijawa kwenye maneno.

#3 Kibwagizo
Mdodosi kaachwa na nani jamani? Tuchange.

#4 Mla Tende
Mnazunguka. Jamaa alimwandikia mkewe Anne Hathaway, ndiyo maana kuna "ndoa" mstari wa kwanza. Na yeye ndiye aliyeibuni soneti ya beti tatu na mistari miwili, ikaitwa kwa jina lake.

#5 Vina na Mizani
#4, mawili hayo yote yarudishe dukani.

Umbo hilo (vina vyake ABAB CDCD EFEF GG) lilitumiwa na Henry Howard, Bwana wa Surrey, aliyekatwa kichwa mwaka 1547, miaka 17 kabla Shakespeare hajazaliwa. Lilichapishwa 1557. Shakespeare alilipa umaarufu, na jina likafuata umaarufu.

Kuhusu mke: kitabu cha 1609 kina soneti 154. Kwa mpangilio wake, 1 hadi 126 wasomaji wengi huzisoma kuwa zinamhusu kijana wa kiume, 127 hadi 152 mwanamke mweusi wa nywele na macho, na 153 na 154 zinamhusu Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi. 116 iko fungu la kwanza. Ila shairi lenyewe halitaji "yeye" wa jinsia yoyote, kwa hiyo fungu ni ushahidi wa jirani, si wa ndani ya nyumba.

Na "ndoa" ya mstari wa 1 ni ya akili za kweli. Miili hatujaambiwa. Huo ni msamiati wa urafiki wa wanaume wasomi wa enzi ile. Montaigne, mwandishi Mfaransa, aliandika insha yake juu ya urafiki kwenye toleo la 1580, na Kiingereza chake kilitoka 1603 kwa tafsiri ya John Florio.

#6 Karani wa Kesi
Nitamtetea #4 nusu. Ndoa ya kanisani imo, na imo kwa neno la kisheria. "Impediments" kwa Kiswahili tunalo kavu kabisa: pingamizi. "Kama kuna mwenye pingamizi aseme sasa au anyamaze milele."

Lakini twendeni kwenye kitabu cha sala cha Kianglikana cha 1559 chenyewe. Kasisi huwaambia bwana na bibi harusi kwamba watakavyojibu siku ya kutisha ya hukumu, siri za mioyo yote zitakapofichuliwa, ikiwa mmoja wao anajua pingamizi lolote, aliungame. Sentensi moja. Ndani yake mna pingamizi na mna kiama. Shairi linafungua na pingamizi mstari wa 2 na linafika ukingo wa kiama mstari wa 12. Ameichukua sentensi moja ya kasisi, akaikata vipande viwili, akavitenganisha kwa mistari kumi.

Na pingamizi alilijua kwa karatasi. Novemba 1582, yeye ana miaka 18 na Anne 26, wakulima wawili wa Stratford waliweka dhamana ya pauni 40 kwa askofu wa Worcester kwamba hakuna pingamizi la ndoa ile, ili matangazo yasomwe mara 1 badala ya 3. Mtoto wa kwanza alibatizwa Mei 1583. Haraka mnaielewa.

#7 Kibwagizo
Novemba mpaka Mei. Nahesabu vidole, vimebaki vingi.

#8 Nahodha wa Nchi Kavu
Nyota mmeipita mbio, na ndiyo kiini.

Mstari wa 8 unasema thamani ya nyota haijulikani ijapokuwa kimo chake kimepimwa. "Kimo" hapo ni kazi ya mikono. Baharia wa Kiingereza alikuwa na fimbo ndefu yenye kijiti kilichokingama, kinachosogea mbele na nyuma. Unategemeza ncha ya fimbo kwenye mfupa karibu na jicho, unasogeza kijiti mpaka ncha yake ya chini iguse upeo wa bahari na ya juu iguse nyota, kisha unasoma alama kwenye fimbo. Umepata nyuzi. Kimo cha Nyota ya Kaskazini juu ya upeo ni karibu sawa na latitudo yako.

Kinachoharibika: chombo kinayumba, upeo hauonekani usiku wa giza, na jicho moja linatakiwa kutazama ncha mbili kwa pamoja.

Kuna na hili. Zama za Shakespeare Nyota ya Kaskazini haikuwa kwenye ncha ya mbingu. Ilikuwa karibu nyuzi 3 pembeni (leo ni chini ya nyuzi 1), kwa hiyo ilizunguka kiduara kila siku. Mabaharia walikuwa na kanuni ya kusahihisha: tazama nyota jirani zimekaa upande gani, ongeza au punguza. Usiposahihisha, nyuzi 3 ni maili 180 za baharini. Unaitafuta bandari unakuta jabali.

Sasa niambieni, mtu anayeishi London, mji wa mabaharia, anapoiita nyota hiyo isiyohama, hajui au anajua?

#9 Bint Waridi
Nahodha, "isiyohama" ni ya mstari wa 5, ile alama. Nyota iko mstari wa 7 na haikuitwa isiyohama. Usimtwike.

#10 Nahodha wa Nchi Kavu
Nakubali, nimeunganisha. Ila wasomaji karibu wote huziunganisha, na wengine husema hata alama ya mstari wa 5 ni nyota ileile. Mimi nasema ni alama ya pwani: mnara, mti mkubwa, kilele cha kanisa, chochote kinachoonekana toka baharini. Uingereza ilikuwa na sheria ya 1566 iliyowapa Trinity House, chama cha mabaharia, mamlaka ya kuweka alama hizo, na kukataza watu kuziangusha, maana mtu akikata mti aliouzoea baharia, chombo kinapanda mwamba. Rudini mstari wa 4 mkasome tena habari za mwenye kuondoa, yule "remover".

#11 Mdodosi
#8 na #10 mnanijengea nyumba bure. Ongezeni tofali hili: kwenye tamthilia ya Juliasi Kaizari, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere (1963), Kaizari anajisifu kwamba yeye ni thabiti kama nyota ya kaskazini. Mistari michache mbele anachomwa visu. Mwandishi ni yuleyule. Anajua kabisa mtu akianza kujilinganisha na nyota hiyo kinachofuata.

#12 Vina na Mizani
Kaizari alijilinganisha *yeye*. Soneti inalinganisha *penzi*. Si kosa moja.

#13 Pwani Yetu
Na sisi huku? "Nyota ya kila chombo kinachotangatanga." Kila? Mombasa ni nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, Unguja 6, Kilwa karibu 9. Nyota hiyo huku haionekani, iko chini ya upeo. Chombo cha Kilwa kikitangatanga kinatazama nini?

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na kamal: kibao cha mstatili chenye uzi katikati, uzi una mafundo. Unauma fundo, unanyoosha mkono, ukingo wa chini wa kibao upeoni, wa juu kwenye nyota. Kila fundo ni bandari yake. Kipimo chao ni isba, yaani kidole, na isba 1 ni kama nyuzi 1 na dakika 36. Nyota ya Kaskazini waliiita Jah. Wakishuka kusini ikizama, walihamia Farqadan, nyota mbili za jirani, na zikishuka nazo, wakahamia Na'sh, nyota za Dubu Mkubwa. Ahmad ibn Majid, baharia wa Julfar huko Uarabuni, karne ya 15, kayaandika haya kwa kirefu.

Kwa hiyo ukiisoma soneti toka Kilwa, nyota inabadilishwa kadiri unavyosafiri. Sijui mtaiweka wapi hiyo kwenye "halibadiliki".

#14 Kibwagizo
Penzi la Kilwa: ya kwanza ikizama unahamia ya pili. Hapo ndipo mlipofikisha uzi.

#15 Bint Waridi
😂 Ila Pwani Yetu kagusa. Thamani yake "haijulikani" inasomwa kwa njia tatu, na zote zinasimama. Moja, haina bei, ni ya juu mno. Mbili, nyota zilidhaniwa zina nguvu juu ya maisha ya watu, na fimbo ya baharia haiwezi kuipima nguvu hiyo. Tatu, na ndiyo inayouma: unaweza kuitumia nyota maisha yako yote, ukafika kila bandari, na usiijue. Iko mbali, na chombo hakiifikii kamwe. Hiyo ya tatu sijawahi kuisikia ikisomwa kwenye harusi.

#16 Mdodosi
Asante. Sasa fungueni kurasa mbili, moja kabla na moja baada.

115 inaanza kwa kukiri kwamba mistari aliyoandika zamani ilidanganya, ile iliyosema hawezi kupenda zaidi ya pale. 116 inamalizia: kama nimekosea, sijawahi kuandika. Ukurasa mmoja tu nyuma kakiri kaandika uongo.

117 inaanza kwa kusema nishtaki. Kisha anaorodhesha makosa yake: nimekupuuza, nimetweka tanga kwa kila upepo wa kunipeleka mbali na macho yako. Chombo kinachotangatanga cha 116 kumbe ni yeye! Na anajitetea mwishoni kwamba alikuwa anajaribu uthabiti wa penzi *lako*.

Zipange: nilidanganya, penzi la kweli halibadiliki, nimekusaliti nilikuwa nakujaribu. Mnamsikia mtu wa namna gani?

#17 Karani wa Kesi
Lugha ya mahakama inakubaliana na #16. Mstari wa 13: ikiwa hili ni kosa na likathibitishwa juu yangu. Kuthibitisha jambo *juu ya mtu* ni kumtia hatiani. Na "writ" ya mstari wa 14 ni kitenzi cha kuandika, lakini vilevile ni hati ya mahakama, na ilikuwako hati ya kulalamikia kosa la hukumu yenye neno hilohilo la "error". "Error" kwa Kilatini ni kutangatanga, kwa hiyo inarudi kwenye chombo cha mstari wa 7.

Ila kama hoja, ina tundu. Anasema: kama nimekosea, sijaandika. Lakini ameandika, tunasoma. Basi hajakosea. Hiyo haithibitishi kitu kuhusu penzi. Ni sawa na mdaiwa anayesema "kama nadaiwa, basi mimi si mtoto wa mama yangu". Ni kiapo kilichovaa joho la wakili.

#18 Mwalimu wa Zamu
Kuna msomo wa kati wenu. Helen Vendler, mhakiki Mmarekani, katika kitabu chake cha 1997 anaisoma 116 kama jibu kwa maneno ya mtu mwingine. Kijana amesema mapenzi hubadilika, ndivyo yalivyo. Mshairi anajibu, na mkazo uko kwenye "mimi": *mimi* nisikubali pingamizi, wewe shauri yako. Ile "O no" ya mstari wa 5 ndiyo sauti ya anayekatiza. Kwa msomo huo "wewe" ya #1 haijapotea, imeshasema kabla pazia halijafunguliwa.

Wengine wanaisoma kidini: "bears it out" (hustahimili) ya mstari wa 12 ni mwangwi wa 1 Wakorintho 13:7, huvumilia yote, hustahimili yote. Ndiyo maana mbili hizo husomwa harusi moja.

Kwa mnaofundisha, penye kuteleza ni hapa: "his" mstari wa 8 ni ya nyota, si ya mpenzi. "His" mistari ya 10 na 11 ni ya Wakati. "Compass" mstari wa 10 ni eneo la mzunguko wa mundu, si dira, ingawa baada ya bahari yote hiyo sikio linasikia dira. Vina vya love/remove na come/doom vilikaribiana zaidi kwa matamshi ya enzi ile, msiviite dosari. Na "fixed" isomwe silabi mbili, la sivyo mstari wa 5 unabaki na silabi 9.

#19 Mla Tende
Namba nayo si ya kuaminika. Nakala za 1609 zimeandika 119 mahali pa 116. Mpiga chapa aligeuza herufi ya 6 kichwa chini. Shairi la kutobadilika limebadilika namba siku ya kwanza.

#20 Vina na Mizani
#19 umelipa deni la #4.

Mimi nahamia kwenye tafsiri, maana Kiswahili kinalazimisha uamuzi ambao Kiingereza kinaukwepa. Mstari wa 4, "remover": ni *aondokaye* au *aondoaye*? Kwa Kiingereza ni vyote. Kwetu, -ka au -a, chagua moja. Ukisema aondokaye, penzi limekataa kuondoka pamoja na aliyekwenda zake. Ukisema aondoaye, kuna mtu au Wakati anang'oa, na penzi halimsaidii kung'oa. Hiyo ni tofauti kati ya kuachwa na kuibiwa.

Upande mwingine tumebahatika: "alters/alteration" ni mchezo wa shina moja, na Kiswahili kinaucheza bila jasho. *Penzi si penzi libadilikalo likutapo badiliko.*

Beti ya pili kwa tarbia, mizani 8 kwa 8, nimechukua na wazo la beti ya tatu kujaza mshororo wa nne:

Penzi ni kama mnara, tufani halishituki
Ni nyota yenye ishara, kwa chombo kilo na dhiki
Kimo hupimwa kwa dira, thamani haijuliki
Muda ulete hasara, lenyewe halibanduki

#21 Nahodha wa Nchi Kavu
Dira haipimi kimo, mkuu! Dira inaonyesha upande. Utatuzamisha.

#22 Bint Waridi
Na "kama" inaharibu. Asili inasema penzi *ni* alama. Istiari umeishusha ikawa tashbihi. Weka "Penzi lenyewe mnara", mizani bado 8.

#23 Vina na Mizani
Bint Waridi, nimepokea. Nahodha, natoa "dira", natia "dhira", inkisari ya dhiraa. *Kimo hupimwa kwa dhira.* Herufi moja tu.

#24 Pwani Yetu
Dhiraa ni mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Isba ni kidole. Kwa dhiraa hiyo nyota yako iko juu ya paa la jirani.

#25 Mwalimu wa Zamu
Na mstari wa 9, "Time's fool"? "Mjinga wa Wakati" ni tafsiri ya kamusi. Fool ni yule mchekeshaji wa mfalme, anayelishwa ili achekwe. Neno hilohilo kalitumia kwa Hotspur, shujaa wa tamthilia yake ya Henry IV, anapokufa vitani: uhai ni fool wa Wakati.

#26 Mdodosi
"Chekelezo la Wakati"?

#27 Karani wa Kesi
"Kibaraka." Anatumwa, anachekwa, analipwa makombo.

#28 Bint Waridi
Kibaraka ana ujanja wake. Fool hana. Bado.

#29 Mla Tende
Nami nijaribu kufunga, mistari miwili ya mwisho:

Iwapo hili ni kosa, na likathibitika kwangu
Sikuandika kabisa, hakupenda mlimwengu

#30 Vina na Mizani
Kipande cha pili cha mshororo wa kwanza kina mizani 9. Toa "na".

#31 Mla Tende
Nimetoa.

#32 Mdodosi
Umeona? Hata hapo kabadilisha.